Kujaza Ritani ya Ushuru Kwenye iTax Wakati Taarifa za Mwajiri Zina Mapengo

Kila mwezi wa Juni foleni hurefuka nje ya Times Tower, katika barabara ya Haile Selassie, na saiba za katikati ya jiji la Nairobi hubandika matangazo ya huduma za KRA, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, milangoni. Wengi wa walio kwenye foleni hiyo mfumo wa iTax, ambako ushuru hushughulikiwa mtandaoni, wanaujua barabara. Kinachowatoa kazini ni karatasi moja ambayo mwajiri hakuwapa, au PIN, yaani nambari ya ushuru, ya kampuni ambayo ilishafunga milango. Maelezo haya ni ya mfanyakazi wa namna hiyo: aliyeajiriwa, aliyekatwa ushuru, na ambaye siku ya mwisho inamkaribia huku taarifa za mwajiri wake zikiwa na mapengo.

Msingi wa kisheria ni mfupi. Mkazi wa Kenya mwenye PIN na mapato ya mshahara hutakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wake, ya mwaka wa mapato wa Januari hadi Desemba, kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata, hata kama ushuru wake wote ulikatwa mwezi baada ya mwezi. Mwajiri naye anapaswa kukata PAYE, yaani ushuru wa mshahara wa kila mwezi, kuiwasilisha kwa KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na kumpa mfanyakazi fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru wa mwaka mzima, mwaka unapokwisha. Hata hivyo ritani ni ya mfanyakazi mwenyewe. Ikichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa, na faini hiyo huandikwa kwenye PIN ya mfanyakazi. Kwamba afisa wa wafanyakazi hakujibu barua pepe yako hakusogezi tarehe mbele.

Anza kwa kujua ni nini hasa kinachokosekana

Watu husema "sina P9" kana kwamba ni shida moja, ilhali ndani yake mna shida nne tofauti na kila moja ina dawa yake: PIN ya mwajiri, jina lake rasmi, kiasi cha mshahara uliolipwa, na kiasi cha PAYE kilichokatwa. Kabla ya kumsumbua yeyote, ingia kwenye iTax kwa PIN yako na neno lako la siri, nenda kwenye menyu ya Returns, uchague fomu ya walio na mapato ya ajira pekee, ile inayoitwa ITR For Employment Income Only, kisha uweke mwaka wa mapato. Mfumo hujaza baadhi ya nafasi wenyewe kutokana na ripoti za P10 ambazo waajiri huwasilisha kila mwezi. Angalia sehemu ya F, inayohusu mapato ya ajira, na sehemu ya M, inayohusu PAYE iliyokatwa. Ukiona PIN ya mwajiri, jina na takwimu zikiwa tayari zimo, huenda huna pengo lolote ila karatasi ya kulinganishia.

Usikimbilie kuzikubali takwimu hizo bila kuzikagua. Hesabu miezi. Mwajiri aliyesahau kuwasilisha P10 ya Novemba, au aliyeandika PIN yako vibaya kwa miezi mitatu, atakuacha na mapato pungufu kwenye skrini, na jumla hiyo pungufu itaonekana safi kabisa kwa mtu asiyejua mshahara wake wa mwaka ulikuwa kiasi gani. Pale ambapo mstari wa mwajiri haumo kabisa, basi ama hakukuorodhesha kwenye P10, ama alikuorodhesha kwa PIN isiyo yako, ama hakuwasilisha chochote.

Mwajiri wako ni nani?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi Nairobi. Mlinzi anayesimama kwenye lango la benki hajaajiriwa na benki. Mfanyakazi wa kiwandani Industrial Area anaweza kuvaa ovaroli yenye nembo ya kiwanda kwa miaka mingi huku mkataba wake ukiwa na kampuni ya kuajiri watu kwa niaba ya wengine, yenye ofisi ndogo kwenye jengo jingine kabisa. Kwa ushuru, mwajiri ni yule anayekulipa mshahara na kukukata PAYE. Soma mkataba, kisha usome jina la aliyetuma pesa kwenye taarifa yako ya benki au kwenye ujumbe wa M-Pesa. Majina hayo mawili yakitofautiana na la mahali unaporipoti kazini, fuata la anayekulipa.

Vilevile, kampuni nyingi hujulikana mtaani kwa jina la biashara ambalo silo lililosajiliwa. Hoteli yenye jina kubwa mlangoni inaweza kuwa mali ya kampuni ambayo mteja hajawahi kuisikia, na PIN iko kwa jina la kampuni hiyo. Kampuni ikibadilisha jina tu, PIN yake hubaki ileile. Ikiwa biashara imeuzwa kwa kampuni nyingine katikati ya mwaka na wafanyakazi wakahamishwa, hapo utakuwa na waajiri wawili wenye PIN mbili, hata kama meza yako na mlango wako ni vilevile.

Kuipata PIN ya mwajiri

PIN ya Kenya ina nafasi kumi na moja: herufi, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Ya kampuni huanza na P. Ya mtu binafsi huanza na A, na mwajiri binafsi kama mwenye duka la dawa au mama anayeajiri dereva wa nyumbani hutumia PIN yake ya A. Zile nafasi tisa za katikati ni tarakimu tupu, kwa hiyo ukiona alama ya mviringo hapo ni sufuri, kamwe si herufi O. Kosa hilo dogo hukwamisha fomu nyingi.

Tafuta kwanza kwenye karatasi ulizo nazo: P9 ya mwaka uliotangulia, ambayo huwa na PIN ya mwajiri juu, hati za mshahara, barua ya kuajiriwa, au stakabadhi ya ritani uliyowasilisha mwaka jana. Mwenzako wa kazini aliyepata P9 yake anaweza kukusomea PIN hiyo kwa simu, maana ni moja kwa wafanyakazi wote na kwa matawi yote. Kisha kuna njia ambayo wengi hawaifikirii. Kama mwajiri wako huuza kitu kwa umma, iwe ni supamaketi, mkahawa, zahanati au duka la vifaa vya ujenzi, PIN yake imechapishwa kwenye kila risiti halali anayotoa. Nunua soda, ichukue risiti, uisome sehemu ya juu.

PIN yoyote utakayoipata ithibitishe kabla ya kuitumia. Kwenye ukurasa wa kwanza wa iTax, kabla hata ya kuingia, kuna kifaa kinachoitwa PIN Checker: unaandika PIN, unajibu hesabu ndogo ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na mfumo unakuonyesha jina la mwenye PIN na kama ingali hai. Jina likilingana na la kwenye mkataba au kwenye benki, umeipata. Lisipolingana, usiendelee kwa matumaini.

Kifaa hicho hakifanyi kazi kinyumenyume. Huwezi kuandika jina kikakupa PIN. Anayebaki na jina tu aende na kitambulisho, mkataba na hati za mshahara kwenye ofisi ya KRA au kwenye dawati la KRA katika Huduma Centre, yaani kituo cha huduma za serikali, kwa mfano ile ya jengo la posta la GPO, na aombe kusaidiwa kumtambua mwajiri. Ukienda mwezi wa Machi au Aprili utahudumiwa kwa utulivu. Wiki ya mwisho ya Juni ni habari nyingine.

Kuna jambo moja la kukataa kabisa. Katika baadhi ya saiba, mhudumu akikosa PIN ya mwajiri hujaza ya kampuni nyingine yoyote anayoikumbuka, au hujaza PIN ya mteja mwenyewe, mradi fomu ikubali kusonga. Ritani ya namna hiyo inasema umeajiriwa na mtu ambaye hajawahi kukuona, na inadai PAYE ambayo haimo kwenye rekodi zake. Atakayeitwa kueleza ni wewe.

Kumwandikia mwajiri

Omba P9 kwa maandishi, hata kama umeshaiomba kwa mdomo mara kadhaa, kwa sababu ombi la maandishi ndilo utakaloweza kulionyesha baadaye. Halihitaji ukali. Linatosha hivi: "Kwa Mkuu wa Idara ya Wafanyakazi. Nilikuwa mwajiriwa wa kampuni kuanzia Januari hadi Juni 2025. Ninaomba fomu yangu ya P9 ya kipindi hicho pamoja na PIN ya kampuni, ili niwasilishe ritani kabla ya Juni 30. Nikiikosa kufikia tarehe fulani, nitawasilisha kwa kutumia hati zangu za mshahara." Sentensi ya mwisho ina kazi yake: inamjulisha mwajiri kwamba takwimu zitafika KRA kwa vyovyote vile, na mara nyingi hiyo peke yake huamsha ofisi iliyolala.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya mshahara na makato kila unapolipwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona taarifa zako binafsi zilizo mikononi mwa mwingine, na rekodi ya mshahara wako ni taarifa yako binafsi. Mwajiri anayekaidi kutoa hati za mshahara anaweza kushtakiwa kwa ofisi ya leba. Kampuni ikiwa imefilisika, rekodi huwa mikononi mwa mrasimu au mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya kampuni hiyo, ambaye uteuzi wake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwandikie huyo, kwa maneno yaleyale.

Kuijenga upya P9

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inastahili jioni nzima ya utulivu. P9 si hati ya miujiza. Ni jedwali la miezi kumi na miwili linaloonyesha mshahara, makato yanayoruhusiwa kabla ya ushuru, mapato yanayotozwa ushuru, nafuu (punguzo la ushuru wenyewe), na PAYE. Mwenye hati zote za mshahara anaweza kulijenga mwenyewe kwenye daftari au kwenye Excel, mstari kwa mstari. Ikiwa hati mbili tatu zimepotea na mshahara haukubadilika, miezi inayofanana itakuongoza.

Kwa mtu asiye na hati hata moja, taarifa ya benki inaonyesha mshahara wa mkononi, na kutoka hapo inawezekana kurudi nyuma hadi kwenye mshahara kamili. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 50,000 mwezi Machi 2025, asiye na marupurupu mengine. Mchango wa NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni, ulikuwa asilimia 6, yaani 3,000. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,375. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 750. Tangu Desemba 27, 2024, yote matatu huondolewa kabla ya kukokotoa ushuru, kwa hiyo mapato yake yanayotozwa ushuru yalikuwa 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, nazo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, nazo ni 2,083.25, zilizobaki 12,542 hutozwa asilimia 30, nazo ni 3,762.60. Jumla ni 8,245.85. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, na PAYE inakuwa 5,845.85. Benki itaonyesha kwamba alipokea 39,029.15. Mkataba ukisema 50,000 na benki ikisema 39,029.15, unajua pasi na shaka kwamba PAYE ilikatwa, na unajua ni kiasi gani.

Mfanyakazi huyohuyo mwezi Januari 2025 alipokea 39,617.15, na tofauti hiyo isikutishe. Kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF kilipanda Februari 2025 kutoka shilingi 36,000 hadi 72,000, kwa hiyo Januari alikatwa 2,160 tu. Yeyote anayezidisha mwezi mmoja kwa kumi na mbili atakosea hapo. Makato ya mkopo wa sako, ada ya chama cha wafanyakazi au karadha uliyochukua kazini pia hupunguza pesa za mkononi lakini hayapunguzi ushuru. Yarudishe kwanza kwenye hesabu ndipo uanze kulinganisha.

Ushahidi wa ziada unapatikana kwenye taarifa ya michango yako ya NSSF. Mchango wa Machi ukiwa umefika kwa jina la mwajiri huyo, ni dalili nzuri kwamba alikuwa na orodha rasmi ya mishahara na kwamba jina lako lilikuwa humo. Ukikuta miezi mitupu, jiandae kwa mazungumzo magumu zaidi, nitakayoyafikia.

Kujaza mapato na PAYE kwa pamoja

Kanuni ninayowasisitizia wote ni kwamba kila mwajiri wa mwaka huo aingie kwenye ritani, na aingie na vitu viwili pamoja: mapato uliyopata kwake na PAYE aliyokata. Kukosa kimoja kunaharibu hesabu kwa njia ambazo mfumo wenyewe hautakuonya.

Tuendelee na mfano wetu. Mfanyakazi alilipwa 50,000 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Juni 2025 kwa mwajiri wa kwanza, kisha akahamia kwa wa pili anayelipa 70,000 hadi Desemba. Kwa wa kwanza, mapato yanayotozwa ushuru ni 270,090 na PAYE ni takriban 35,327. Kwa wa pili ni 376,950, na PAYE takriban 67,385. Jumla ya mapato ni 647,040. Ushuru wa mwaka mzima juu yake, baada ya nafuu ya 28,800, ni 102,712. Na PAYE zote mbili zikijumlishwa ni hizohizo 102,712. Hadaiwi, hadai.

Sasa tuseme P9 ya mwajiri wa kwanza imekosekana, naye akaamua kujaza ile aliyo nayo tu. Mfumo utaona mapato ya 376,950 kwa mwaka mzima, utatoza ushuru wa takriban 22,238, utaona amekwisha kukatwa 67,385, na utamwandikia kwamba anaidai KRA, yaani anastahili kurejeshewa zaidi ya shilingi 45,000. Wapo wanaofurahi kuona hivyo na kuomba warejeshewe. Pesa hizo hazipo. Zimetokea tu kwa sababu karibu nusu ya mapato imefichwa, na siku mwajiri wa kwanza atakapowasilisha P10 zake zilizochelewa, ombi la kurejeshewa litageuka kuwa swali la kwa nini mapato hayakutajwa.

Kinyume chake kinauma mara moja: akijaza mapato ya waajiri wote wawili lakini aache PAYE ya wa kwanza kwa sababu hana karatasi ya kuithibitisha, mfumo utamdai shilingi 35,327, na wapo wanaozilipa kwa hofu. Kosa la tatu ni kuweka mshahara kamili katika sehemu ya F kisha kusahau kuondoa michango ya NSSF, SHIF na ada ya nyumba katika sehemu ya T, ambako ushuru unakokotolewa. Kwa mfano wetu michango hiyo ni 72,960 kwa mwaka, na kuisahau kunazaa deni la uongo la karibu shilingi 21,900.

Kwa hiyo kwenye fomu, ongeza mstari wa mwajiri anayekosekana katika sehemu ya F kwa jina lake rasmi na PIN uliyoithibitisha, uweke jumla ya mshahara uliyoijenga. Uongeze mstari wake katika sehemu ya M, uweke mapato yanayotozwa ushuru na PAYE. Kisha ushuke hadi sehemu ya T na uisome mstari kwa mstari. Matokeo yakitofautiana na sufuri kwa senti au shilingi chache, hiyo ni kukadiria tu. Yakitofautiana kwa maelfu, usiwasilishe. Rudi ukatafute mwezi uliopotea. Tofauti ya kweli inaweza kuwepo kwa mtu aliyefanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila mwajiri alimpa nafuu ya 2,400 na kila mmoja alianza naye kwenye asilimia 10. Huyo atadaiwa kihalali.

Kuhusu ritani ya sufuri

Ushauri unaotolewa haraka zaidi mjini ni huu: "Huna P9? Piga nil, utarekebisha baadaye." Ritani ya sufuri ni tamko kwamba mwaka mzima hukupata mapato yoyote. Mtu aliyelipwa mshahara, ambaye mwajiri wake tayari amemwandika kwenye P10, anapotoa tamko hilo anajipinga kwenye mfumo uleule. Rudisha pesa yako kwa mhudumu huyo, na kama alibadilisha barua pepe ya akaunti yako ya iTax akaweka yake ili apokee ujumbe wa kuthibitisha, iondoe siku hiyohiyo.

Mfanyakazi wa mapato madogo asichanganye mambo mawili. Yaya au shamba boi anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi hakatwi PAYE, kwa sababu ushuru wake hauzidi nafuu ya kibinafsi ya 2,400. Kama ana PIN, anawasilisha ritani inayotaja mapato hayo, na ushuru unatoka sufuri wenyewe. Anahitaji PIN ya mwajiri wake, ambayo ni ya A, na anaweza kuiomba kwa heshima: "Mama, naomba PIN yako ya KRA nijaze ritani yangu, haitakugharimu kitu." Wengi huitoa wakielezwa hivyo.

Ushuru ulikatwa lakini haukufika

Hili ndilo gumu. Hati zako za mshahara zinaonyesha PAYE kila mwezi, lakini iTax haina habari. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, huhesabu ushuru uliokatwa kwenye mshahara kuwa umelipwa na aliyekatwa, na mwenye kudaiwa ni mwajiri aliyeuzuia. Kwa hiyo jaza mapato na PAYE kama zilivyo kwenye hati zako. Usijilipishe mara ya pili. Lakini haki hiyo ina nguvu tu ukiwa na ushahidi kwamba ulikatwa kweli, na hapa ndipo hati za mshahara zinakuwa na thamani kuliko mkataba wenyewe.

Mwandikie mwajiri umtake awasilishe au arekebishe P10 za miezi hiyo, ukiitaja kila mwezi na PIN yako sahihi; mara nyingine kosa ni tarakimu moja tu na hulainika kwa siku chache. Asipojibu, peleka barua KRA pamoja na nakala za hati za mshahara, taarifa ya benki na ombi lako kwa mwajiri, na uhakikishe nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo hata kabla ya kudaiwa. Anayefika na barua ya Mei husikilizwa kwa sikio tofauti na anayefika Desemba akiwa ameshikilia ilani ya deni.

Na ikiwa mwajiri alikulipa mkononi, bila hati, bila kukata chochote, usibuni PAYE ambayo haikuwepo. Taja mapato, na kama yanazidi kiwango cha nafuu, ushuru utakuwa juu yako.

Baada ya kuwasilisha

Pakua stakabadhi ya uthibitisho mara tu mfumo unapoitoa na uihifadhi pamoja na jedwali ulilolijenga. Kama kuna deni la kweli, tengeneza nambari ya usajili wa malipo kwenye iTax na ulipe benki au kwa M-Pesa kupitia 222222 ukitumia nambari hiyo kama akaunti. Deni lisilolipwa kwa wakati huongezewa faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo ni afadhali kulipa sehemu mapema kuliko kulisubiri lote.

P9 iliyochelewa ikifika Julai au Septemba, ilinganishe na ulichojaza. Zikilingana, iweke kwenye faili. Zikitofautiana, nenda kwenye Returns, uchague Amended Return kwa mwaka uleule, uweke takwimu sahihi na sababu ya marekebisho. Sheria inakuruhusu kufanya hivyo ndani ya miaka mitano, ambayo pia ndiyo muda unaotakiwa kuzitunza rekodi zako. Hati za mshahara zilizochapishwa kwa karatasi ya joto hufifia, basi zipige picha leo.

KRA nayo ikikutumia makadirio ya deni kwa sababu haikuiona PAYE uliyoitaja, una siku 30 tangu ulipoarifiwa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, ukieleza unapinga kiasi gani na kwa sababu gani, na kuambatisha vielelezo vyote. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya ilani kukufikia, na ilani hutumwa kwa barua pepe iliyo kwenye akaunti yako ya iTax.